Uchaguzi wa Kiranja wa Upawa

Iko nchi moja inaitwa Tumekubali. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haifanani na nchi yoyote mnayoijua, na atakayesema inafanana na ya kwake, basi hayo ni yake na nchi yake.

Tumekubali imejaliwa amani, na amani hiyo imetokana na utaratibu mmoja tu: matokeo hutangulia, kura hufuata. Wenzao huko duniani hupiga kura kwanza, kisha hukaa roho juu wakisubiri, hawa wakipandwa na presha, wale wakichoma matairi. Watu wa Tumekubali waliuona huo kuwa ni ukatili. Kwao, kabla ya watu kupanga foleni, Afisa Tokeo hufika na mpiga tarumbeta wake, akatangaza nani ameshinda na kwa kishindo gani. Watu hupiga makofi, halafu huenda kupiga kura inayolingana na lile tangazo. Anayekosea hapigwi wala hafungwi. Nchi ile ni ya kistaarabu. Huambiwa kwa upole kwamba amekosea, na hupewa nafasi ya kurudia. Na kurudia tena. Mpaka apate.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo hadi uchaguzi uliopita, ambapo watu wa wilaya moja ya pembezoni walikosea, wakarudia, wakakosea tena. Bibi mmoja alikosea siku nzima mpaka turubai la kituo likang'olewa huku yeye bado yumo ndani, anakosea. Serikali ilishtuka. Tume ikaundwa, ikasafiri nchi za baridi kujifunza, ikanunua makoti, ikarudi na jibu: watu wale hawakufundishwa wakiwa wadogo.

Ndiyo maana somo la Kura na Uraia Mwema likaanzishwa kwa watoto wa darasa la pili, na ndivyo lilivyomwangukia Mwalimu Sikitu.

*

Mwalimu Sikitu alifundisha Shule ya Msingi Tushukuru, huko ambako barabara ya lami huishia kwenye bango linalosema lami inakuja. Hakuwa mbishi. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha mistari: vitabu vikae sawa, kucha zikatwe, mtoto akilia aulizwe analilia nini. Alipoitwa kwenye semina ya somo jipya alikwenda na kalamu mbili, moja ya akiba.

Mheshimiwa Waziri wa Utulivu na Elimu aliifungua mwenyewe.

"Walimu wangu," alisema, akinywa maji katikati ya kila sentensi kama mtu anayemwagilia mawazo yake, "mtoto akifundishwa kuchagua mapema, hatapata tabu ya kuchagua ukubwani. Kura ni kama hesabu. Ina jibu moja. Ninyi kazi yenu si kumwachia mtoto ahangaike. Mpeni jibu, kisha mpeni uhuru!"

Ukumbi ukasimama. Mwalimu Sikitu naye akasimama, maana aliyekaa alikuwa anaonekana.

Zoezi la kwanza la vitendo lilikuwa kumchagua Kiranja wa Upawa. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti, na kwa watoto wengi uji wa shule ndio uliokuwa kifungua kinywa, ndio chakula cha mchana, na siku nyingine ndio cha usiku. Anayeushika upawa ndiye aliyeshika matumbo ya wenzake. Mtaala ulitaka wagombea wawili, ili mshindi apate mtu wa kumpongeza.

Mgombea wa kwanza alikuwa Ebeneza, mtoto wa Katibu Kata, mvulana mnene asiye na ubaya, aliyekuwa ameshika upawa tangu shule ifunguliwe kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Ebeneza alichota juu juu. Maji yalikwenda kwenye vikombe vya wenzake, na mazito ya chini aliyabakiza yatulie, yamsubiri yeye na rafiki zake.

Wa pili alikuwa Kidawa, binti mwembamba mwenye sauti ndogo. Alipata kushika upawa mara moja tu, Ebeneza alipougua matubwitubwi. Siku hiyo aliuzamisha hadi chini, akakoroga, akachota, akakoroga tena, na alijipakulia mwisho. Watoto hawakuisahau siku hiyo. Bi Semeni, mpishi, naye hakuisahau, kwa kuwa ndiyo siku pekee sufuria lilirudi jikoni halina ukoko.

*

Siku ya zoezi ilifika, Afisa Tokeo hakufika.

Baadaye ilijulikana kwamba alitoka mjini asubuhi na mapema, lakini kila kijiji alichopita kilisikia tarumbeta na kujipanga barabarani. Kanuni inamkataza Afisa Tokeo kuwapita wananchi waliosimama bila kuwaachia mshindi. Ikambidi abuni washindi njia nzima. Kijiji kimoja kilijikuta kina mwenyekiti mpya wa kisima ambacho hakijachimbwa.

Mwalimu Sikitu hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba ratiba inasema Kura, na mkaguzi akikuta ratiba inasema Kura na watoto wanaimba, ni kesi.

"Anza tu, Mwalimu," alisema Mwalimu Mkuu, Bwana Shaweji, aliyekuwa na tabia ya kutoa amri huku akiondoka. "Tokeo likija litatukuta katikati."

Basi akaanza. Aliweka makopo mawili nyuma ya pazia la kanga yake, moja lenye picha ya Ebeneza na jingine lenye picha ya Kidawa, zote amezichora mwenyewe. Kila mtoto akapewa karanga moja.

"Mwalimu, jibu ni lipi?" aliuliza Mashauri, mtoto aliyekuwa na swali hata usingizini.

Hapo ndipo lilipotendeka kosa ambalo watu wa nchi nyingine wala wasingelijua kuwa ni kosa. Mwalimu Sikitu alitazama barabarani, hakuona gari. Akatazama zile nyuso.

"Jibu unalo wewe," alisema. "Weka karanga yako kwa yule unayemtaka. Ni yako. Mtu asikuulize."

Watoto walicheka, wakidhani anawatania. Walipoona hacheki, wakanyamaza. Wakaingia nyuma ya ile kanga mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, na walitoka wamebadilika nyuso.

Kidawa alishinda. Kopo la Ebeneza lilipata karanga za rafiki zake na ya kwake. Darasa lilipiga kelele mpaka kuku wa Bi Semeni wakaruka uzio. Saa ya uji, Kidawa akauzamisha upawa hadi chini, akakoroga, na hata Ebeneza akapata uji mzito bila kuuiba. Mwalimu Sikitu alisimama mlangoni akiwatazama wakilamba vikombe, na alijisikia furaha iliyomtia hofu kidogo, maana hakukumbuka kuipanga.

*

Afisa Tokeo, Bwana Ngoda, aliingia vikombe vikioshwa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kutangaza. Mpiga tarumbeta wake alikuwa amevimba midomo.

"Nafurahi kuwatangazia," alisema, "kwamba katika uchaguzi huru na wa haki utakaofanyika sasa hivi, Ndugu Ebeneza ameshinda kwa kishindo."

Tarumbeta ikalia. Hakuna aliyepiga makofi. Mashauri akanyoosha kidole.

"Mjomba, tumeshapiga."

"Mmeshapiga nini?"

"Kura. Kashinda Kidawa. Uji tumekunywa."

Bwana Ngoda aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Dada yangu," alimwambia Mwalimu Sikitu, kwa huruma ya kweli kabisa, "umewapigisha watoto wadogo kura mbichi?"

"Gari lilichelewa, Mheshimiwa. Ratiba..."

"Kura mbichi! Tumboni mwa nchi hii haijawahi kuingia kura mbichi tangu uhuru!" Alijifuta jasho. "Lakini tusitishane. Watarudia. Watoto ni watoto. Ila kuanzia sasa shule haina Kiranja wa Upawa halali, na upawa ni alama ya dola."

Upawa ukafungwa kwa kitambaa cha bendera, ukatiwa kabatini ofisini, na askari akawekwa mlangoni. Uji haukusimamishwa, kwa sababu fungu la uji lilikuwa limeshapitishwa na fedha ya serikali hairudi ilikotoka. Bi Semeni aliendelea kupika kila asubuhi. Uji ulichemka, ukanukia hadi darasani, ukapoa, ukafanya ngozi juu. Halafu ukamwagwa mbele ya mashahidi.

"Nichote na kikombe basi, baba," Bi Semeni alimsihi Afisa. "Watoto hao."

"Kikombe hakina mamlaka, mama."

*

Walirudia kura kesho yake. Bwana Ngoda alitangaza tokeo mara mbili, ya pili polepole. Kidawa akashinda tena, na safari hii kopo la Ebeneza halikuwa na hata ganda.

"Hata mshindi mwenyewe amekosea?" Bwana Ngoda alishika kichwa. "Ebeneza, mwanangu, njoo. Karanga yako umeiweka wapi?"

"Kwa Kidawa, mjomba."

"Kwa nini, na wewe ndiye uliyeshinda?"

Ebeneza alitazama miguu yake. "Mimi nataka uji."

Wakarudia tena. Sasa karanga zilianza kupotea kati ya meza na pazia. Makopo yalipofunguliwa yalikuwa karibu matupu, na watoto walikuwa wanatafuna wamefumba midomo. Katika historia ya Tumekubali kura zilikuwa zimeliwa mara nyingi, lakini hiyo ndiyo mara ya kwanza kuliwa na wapiga kura. Bwana Ngoda alichukizwa sana. Alitoa hotuba ndefu juu ya utakatifu wa karanga, na watoto walisikiliza neno moja tu ndani yake.

Mwalimu Sikitu alijaribu. Alichemsha muhogo nyumbani kwake, akaufunga kwenye kitambaa, akauficha chini ya madaftari. Askari akasikia harufu yake.

"Chakula kwa wapiga kura wakati wa uchaguzi," alisema. "Hiyo ni rushwa, Mwalimu."

"Ni watoto, kaka. Hawajala tangu jana."

"Ndiyo maana inaitwa rushwa. Wangekuwa wameshiba ningeita zawadi."

Muhogo ulichukuliwa uwe ushahidi. Kufikia mchana ushahidi ulikuwa umeliwa na mtunza ushahidi.

Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Bwana Shaweji alikuwa amesimama dirishani akijipepea kwa faili tupu.

"Sikitu, mdogo wangu, mimi nina miaka michache nistaafu. Unataka nini kwangu?"

"Fungua kabati, Mwalimu Mkuu. Wape upawa."

"Nampa nani? Nikimpa Kidawa, nimetambua kura mbichi. Nikimpa Ebeneza bila kura, nimeingilia uhuru wa wapiga kura. Sheria imekaa vizuri, huoni? Kila upande imefungwa." Akashusha sauti. "Waambie tu wampigie huyo mtoto. Ni karanga. Unaifanya kama damu."

"Niliwaambia ni yao."

"Basi kawaambie umekosea. Wewe ni mwalimu, utakosa namna ya kusema?"

Wazazi nao walikuja uzioni. Hawakupiga kelele, Tumekubali si nchi ya kelele. Walisimama tu wakiunusa uji ukimwagwa, kisha wakaondoka, na mmoja wao alimwambia Mwalimu Sikitu kwa heshima zote, "Mwalimu, huko nyumbani hamna kitu. Tafadhali wafundishe vizuri."

*

Asubuhi iliyofuata, mstarini, watoto wakiimba wimbo wa taifa, Tausi alianguka. Alikuwa mdogo kuliko wote darasani. Magoti yaliinama kwanza, halafu uso ukafuata vumbini. Bwana Ngoda akavua kofia haraka, akawanyamazisha watoto.

"Mwoneni," alinong'ona, machozi yakimlenga. "Umri huu, na ameshindwa kustahimili uzalendo."

Mwalimu Sikitu alimbeba. Alishangaa, mtoto hakuwa na uzito wowote. Ilikuwa kama kubeba sare iliyoanikwa. Bi Semeni alimtia maji yenye sukari mdomoni kwa ncha ya kanga, akijikinga kwa mgongo wake mpana ili askari asione rushwa. Tausi akafumbua macho.

"Kidawa kashinda?" aliuliza.

Mwalimu Sikitu alimwachia Bi Semeni. Alitoka, akaenda kumtafuta Kidawa, akamkuta ameketi nyuma ya jiko akiwa ameegemea ukuta uliopata joto la uji.

"Kidawa."

"Abee, Mwalimu."

Alichuchumaa mbele yake. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalimpotea yote.

"Leo mchana mtapiga tena. Nataka umpigie Ebeneza. Wewe uwe wa kwanza, ili wenzako wakuone."

Kidawa aliinua macho. "Ulisema karanga ni yangu."

"Nilisema."

"Ulisema mtu asiniulize."

"Nilisema, mwanangu."

"Sasa ilikuwa si kweli?"

Kuna maswali ambayo semina haikuyagusa. Mwalimu Sikitu aliishika mikono ya yule mtoto, ikawa baridi ndani ya mikono yake.

"Ilikuwa kweli," alisema. "Ila Tausi kaanguka. Kesho ataanguka mwingine. Mimi sina pengine pa kuwapatia uji. Nimetafuta. Sikuamrishi, Kidawa. Nakuomba."

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa uzito ambao Bunge la Tumekubali halijawahi kuupata.

"Ebeneza akichota juu juu, mwambie akoroge," alisema.

"Nitamwambia."

"Basi sawa."

*

Mchana ule tokeo lilitangazwa, tarumbeta ikalia, na Kidawa akainuka wa kwanza. Hakuingia nyuma ya pazia. Alilisogeza pembeni ili kila mtu aone, akaiweka karanga yake kwenye kopo la Ebeneza, ikalia *ngo*. Darasa likaguna. Wakamfuata mmoja mmoja, Mashauri bila swali, Tausi akishikiliwa mkono. Ebeneza alikuja mwisho akilia, akajipigia.

"Wamepata wote!" Bwana Ngoda aliruka. "Wamepata wote, hakuna hata mmoja aliyekosea!"

Habari ziliruka hadi mjini, na Mheshimiwa Waziri akaja mwenyewe na msafara wa magari uliofunika shule kwa vumbi. Upawa ulitolewa kabatini, ukafunguliwa kitambaa, ukabusiwa. Mwalimu Sikitu aliitwa mbele akavishwa nishani ya Mwalimu Bora wa Uraia, akapewa saa ya ukutani yenye picha ya Waziri, ambayo mishale yake ilitokea kwenye pua.

"Mwalimu huyu," alisema Waziri, akanywa maji, "alipokea watoto waliokuwa wanachagua ovyo. Leo wanachagua kwa pamoja. Huo ndio utu uzima!"

Uji ukaletwa. Mwalimu Sikitu alimwinamia Ebeneza. "Koroga hadi chini, mwanangu. Kidawa kaomba." Ebeneza aliitikia kwa kichwa, akauzamisha upawa, akaanza kukoroga kwelikweli. Bwana Ngoda akamgusa bega. Wageni kwanza. Basi Ebeneza akachota mazito yale kwa ajili ya Waziri, na ya dereva wa Waziri, na ya mpiga tarumbeta aliyevimba midomo, na ya waandishi wa habari, na ya askari, na ya mtunza ushahidi. Ilipofika zamu ya watoto, upawa ulikuwa unakwaruza. Wa mbele wakapata maji ya juu. Wa nyuma wakarudi na vikombe vyao. Kidawa alijipanga mwisho, kama kawaida yake.

Kabla ya kuondoka, Mheshimiwa Waziri alitaka kuagana na wapiga kura wake wadogo.

"Watoto wangu! Mmeshiba?"

Watoto walinyamaza. Bwana Ngoda akapiga hatua mbele, akasafisha koo.

"Nafurahi kuwatangazia kwamba wameshiba, kwa kishindo."

Tarumbeta ikalia.

"Tumeshibaaa!" watoto wakaitikia, wote kwa pamoja, hakuna hata mmoja aliyekosea.

*

Vumbi la msafara lilipotulia, Bi Semeni alimvuta Mwalimu Sikitu pembeni. Kulikuwa na unga kidogo aliouficha, umefungwa kwenye pembe ya kanga yake, na moto ulikuwa bado haujazimika. Ungetosha watoto wachache, wale wa nyuma.

"Niambie tu ni wangapi, Mwalimu, nijue maji ya kuinjika."

Mwalimu Sikitu alikwenda darasani mbio, nishani ikimgonga kifuani. Watoto walikuwa wamekaa sawa, mikono juu ya madawati, kimya kizuri ambacho hajawahi kukipata mwaka mzima. Vikombe vya nyuma vilikuwa vikavu, vumbi limeshaanza kuvikaa.

"Haraka, wanangu," alisema, akihema. "Mwenye njaa anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha.

"Msiogope. Wageni wameondoka. Nani ana njaa?"

Mashauri alimtazama Tausi. Tausi alimtazama Kidawa. Kisha wote, kama waliovutwa na uzi mmoja, wakageuza vichwa kuutazama mlango. Mwalimu Sikitu naye akageuka. Nje hapakuwa na mtu, ila barabara na lile bango la lami.

"Kidawa," aliita, na sauti yake ikawa ndogo kuliko ya mtoto. "Wewe hukupata hata tone. Nimekuona. Una njaa?"

Kidawa alisimama, akaweka mikono nyuma kama walivyofundishwa.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "Bwana Tokeo hajatangaza. Tutajuaje?"